Mke Mwenza wa Miguu Minane

Mshonaji alikuwa akimwonea wivu buibui. Tusizungushe maneno, wala tusimtafutie jina la kumsitiri. Mwanamke mzima, mwenye binti aliyeolewa na cherehani mbili, moja ya kazi na moja ya akiba, alikosa raha kwa sababu ya mdudu ambaye akikunja miguu anaenea ndani ya kifuniko cha soda. Angekuwa mdudu wa sura mbaya, angalau angejifariji. Lakini alikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomkata maini.

Aliletwa na mwalimu wa sayansi, mteja wa siku nyingi wa mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa. Mwalimu alikuwa amehamishwa kikazi, na siku ya kuja kuaga alibeba kasha la plastiki angavu lenye udongo, kipande cha gome la mti, na kifuniko cha chupa kilichotiwa maji.

"Huyu ni tarantula," alisema, na mshonaji akajikuta amesimama juu ya stuli bila kujua alipandaje. "Usiogope, mama. Huyu ni wa jamii ya vibeti. Hapo alipo ni mtu mzima tayari."

"Na kwa nini unatuletea sisi?" mshonaji aliuliza kutoka huko juu.

"Kwa sababu hawa hawaoni vizuri, mama. Wanasikia kwa miguu. Ukimpelekea chakula kwa mkono wa papara anakimbilia ndani, hatoki. Nimewafikiria watu wote ninaowajua, sijaona mkono uliotulia kama wa fundi."

Fundi saa alilipokea kasha kwa mikono miwili, akaliweka karibu na dirisha, akabana lenzi yake jichoni na kuinama. Aliinama hivyo hivyo mpaka mwalimu akaaga na kuondoka. Kisha akasema neno moja tu: "Kito."

Ndani ya saa nzuri mna vijiwe vidogo vyekundu ambavyo mafundi huviita vito, na mshonaji alijua jinsi mumewe anavyovitaja kwa heshima. Sasa jina hilo limepewa buibui. Yeye mwenyewe, miaka yote ya ndoa, alikuwa Mama Watoto, ingawa mtoto ni mmoja, na alikuwa "wewe" kila miwani ilipopotea.

Huyo Kito, tumpe haki yake, alikuwa ameumbwa akaumbika. Mgongo wake wa mbele ulikuwa na rangi ya shaba iliyosuguliwa. Miguu ilikuwa myeusi, yenye vinyweleo laini. Tumbo lilikuwa jeusi vilevile, likiwa na mistari ya dhahabu pembeni, na juu yake, katikati kabisa, palikuwa na doa la rangi ya chungwa lenye umbo la moyo. Umbo la moyo, jamani! Mshonaji alipoliona doa lile mara ya kwanza alisonya. Yeye Mungu alimtarizi nini? Magoti yanayolia akipanda ngazi, na matundu ya sindano kwenye kidole gumba.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha kazi. Meza ya fundi ilikuwa upande wa dirisha, cherehani upande wa mlango, na katikati palibaki njia ya wateja. Walikuwa wamezeeka hapo wakitazamana juu ya vichwa vya wateja. Yeye alijua mumewe anapokaribia kupiga chafya, na mumewe alijua kwa mlio wa cherehani kama gauni linamkubali au linamgomea. Mchana walikunywa chai pamoja kwenye kona ya meza ya kukatia nguo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao, na yalimtosha, mpaka alipokuja wa miguu minane.

Haikupita wiki, fundi akaliinua kasha na kulipeleka chumba cha nyuma, alichokuwa akilala binti yao kabla hajaolewa.

"Cherehani yako inamtikisa," alieleza.

"Cherehani yangu?"

"Anasikia kwa miguu, Mama Watoto. Kwake hiyo ni tetemeko la ardhi."

Lile neno lilimkaa mshonaji rohoni. Cherehani iliyomsomesha binti yao na kuezeka nyumba, leo imekuwa tetemeko la ardhi.

Tangu hapo, kila jioni kazi ikiisha, fundi alichukua kibano chake, nyenje mdogo ndani ya kichupa, na kikombe cha chai kisichojaa, akaingia chumba cha nyuma na kuurudishia mlango. Huko ndani alizungumza. Mtu ambaye mezani huitikia kwa "mm" na "haya", huko alizungumza! Mshonaji alisikia sauti yake ikipanda na kushuka, ikinyamaza, ikiuliza, mara nyingine ikicheka kidogo. Maneno hakuyapata, maana kusimama mlangoni na kutega sikio alikuona ni kujidhalilisha. Alikaa jikoni akisugua sufuria zilizokwisha takata.

Na si mazungumzo tu. Mtu akishaingiwa na wivu huona ushahidi hata kwenye bakuli la sukari, na yeye ushahidi ulimjaa tele. Mumewe aliacha kunywa naye chai, akawa anakwenda kuinywa kule kwa mwenzake. Alikuwa akijinyoa ovyo na kujikata kidevuni, bila shaka kwa haraka ya kuwahi kwa Kito. Shati lenye vifungo vidogo, alilomshonea mwenyewe, aliliacha likining'inia na kuvaa fulana ya kuingiza kichwani. Kazi nayo ilimshinda. Mzee mmoja mstaafu wa reli alikuwa ameleta saa yake ya mkufu, aliyoirithi kwa baba yake, na kila akipita kuiulizia fundi alimwambia, "Bado, mzee wangu, bado naitafutia nafasi." Nafasi ilikuwapo. Saa ilikuwa imelala ndani ya droo, imefungwa kwenye kitambaa, na mwenye kuitengeneza yuko chumbani anampigia buibui soga.

Jirani wa mlango wa pili, mama muuza mboga, ndiye aliyeongeza chumvi. Mwanamke huyu alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na pazia.

"Shoga, mke mwenza ameamkaje?" alikuwa akiuliza kila asubuhi, akipanga nyanya zake.

"Ameamka salama," mshonaji alijibu kwa meno yaliyofungana.

"Amekula?"

"Mwulize mumewe."

"Mimi ningekuwa wewe ningefurahi. Mke mwenza haombi kanga, hagombanii jiko, na akikuudhi unamkanyaga."

"Nitamkanyaga," mshonaji alisema siku moja, kwa sauti iliyofika mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. "Sikilizeni nyote. Iko siku nitamtia kiatu!"

Watu walicheka. Mumewe, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Alimtazama mkewe kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akageuka na kurudi ndani, na mshonaji akajua amemchagua yule.

Ikawa kaka yake fundi, mkubwa wao, kateleza bafuni akavunjika mguu. Fundi ilibidi aende kumwona, alale huko na kurudi kesho yake. Asubuhi ya safari alisimama mbele ya cherehani na mfuko wake mkononi.

"Mama Watoto, Kito siku hizi hali. Nadhani yuko karibu na…"

"Basi litakuacha."

"Nisikilize kidogo. Ukimwona amelala…"

"Alale, akeshe, mimi si mlezi wake," mshonaji alisema, akakanyaga pedali. Cherehani ikanguruma. Fundi alisubiri inyamaze, lakini haikunyamaza, kwa sababu mguu uliokuwa juu ya pedali ulikuwa na hasira. Mwishowe alisema kwa sauti ya juu, "Usimguse tu!" na akaondoka.

Usimguse. Ndiyo kwaheri aliyoachiwa mke.

Alivumilia mpaka baada ya chakula cha mchana. Kisha akaenda chumba cha nyuma, kwa kisingizio cha kufungua dirisha. Mbele ya kasha palikuwa na kiti kimoja tu. Hata kiti cha pili hakikuwekwa! Aliketi juu ya hicho kimoja, akainama, akatazama.

Kito alikuwa amelala chali. Chini yake palikuwa na kitanda cha utando mweupe, na juu ya kitanda hicho alikuwa amejilaza tumbo juu, miguu yote minane imekunjamana hewani, hatikisiki. Mshonaji aligonga plastiki kwa ukucha. Hakuna kitu. Aligonga tena. Alikuwa amekufa.

Furaha ndiyo iliyotangulia, na haifai kuificha. Ilimpanda mpaka mdomoni akacheka peke yake. Halafu ikakatika ghafla. Nani atakayeamini kuwa amekufa mwenyewe? Mtaa mzima ulimsikia akiahidi kiatu. Mumewe atarudi, atafungua mlango ule kabla hata ya kuweka mfuko chini, atamkuta Kito wake ameoza, kisha atamgeukia yeye. Hatamgombeza, si mtu wa kugombeza. Atanyamaza, na kimya hicho ndicho kitakachokaa mezani kwao mpaka kaburini. Na atalia. Yeye mwenyewe alipougua mwaka mmoja na kulazwa, hakumwona mumewe akilia. Sasa aje ashuhudie anavyolia kwa ajili ya buibui? Hapana.

Mwanamke mwingine angekimbilia kumtafuta buibui mwingine, au angeandaa uongo. Huyu alikuwa mshonaji. Akaona ameharibikiwa na kitu, akafikiria mara moja namna ya kukishona.

Alileta mkasi wake mdogo wa kutarizi. Hakumgusa mdudu kwa kidole, maana hata maiti yake ilimtia kinyaa. Aliukata utando pembezoni, taratibu, kama mtu anayekata lesi ghali, akapitisha kadi chini yake na kumwinua mdudu pamoja na kitanda chake. Akamweka kwenye kopo la vifungo alilolitandika pamba. Alikusudia kumzika baadaye. Kwanza alimhitaji kama kipimo.

Kisha akafunga mlango wa mbele na kuketi. Gauni la mteja lililokuwa likingoja zipu lilisukumwa kando. Tumbo alilikata kwenye kipande cheusi cha mahameli, akakijaza pamba. Miguu aliitengeneza kwa waya mwembamba kutoka takataka za meza ya mumewe, akaizungushia uzi mweusi na kuupiga mswaki mpaka ukatoa vinyweleo. Mgongo wa shaba aliupata kwenye uzi wa sare za benki, na mistari ya dhahabu kwenye mabaki ya gauni la harusi. Kwenye kopo aliona tumbo na miguu tu, lakini hakuhitaji kumgeuza. Alivyokuwa akimkodolea macho kila alipopita kufagia, alimjua kuliko alivyoijua sura yake mwenyewe. Alijua kwamba mstari wa pili wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Alijua kwamba ule moyo una ncha iliyopinda kidogo.

Moyo aliutarizi mwisho, kwa uzi mmoja, akiwa ameshika pumzi. Alipomaliza aliweka kazi yake kiganjani na kuitazama kwa muda mrefu. Hajawahi kushona kitu kizuri kama kile, na ilimuuma kwamba amemshonea adui yake.

Alimpachika mdudu wa mahameli kwenye mdomo wa shimo la utando alilojichimbia Kito udongoni, nusu ndani nusu nje, kama mwenyewe alivyozoea kukaa. Kopo la vifungo alilifunika kwa kitambaa na kulitia kwenye droo ya cherehani. Kumzika akaahirisha mpaka kesho.

Kesho yake jioni fundi alirudi. Kaka yake anaendelea vizuri, mguu umefungwa, amewasalimu. Alisema hayo yote akiwa anatembea, na aliposema "amekusalimu sana" alikuwa tayari amefika kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kibano mkononi. Mlango ukarudishiwa.

Safari hii mshonaji alitega sikio. Aliliweka kabisa kwenye ubao wa mlango, heshima baadaye.

"Kito," mumewe alisema kule ndani, kwa sauti ambayo yeye hakumbuki kama aliwahi kuisikia. "Umenisubiri? Haya. Tuone leo."

Kiti kililia kidogo.

"Hukimbii?"

Kiti kikalia tena, kama cha mtu anayesogea mbele.

"Hukimbii! Kito, nimekusogelea mpaka mguuni na hukimbii!" Halafu alicheka, na kicheko kikakatika katikati, na mshonaji akatambua kuwa mumewe analia. "Umetulia. Mkono umetulia. Ulikuwa ukinikimbia wewe kila siku, nikijua mkono ni ule ule mbovu, unatetemeka tu. Nilikwambia, sivyo? Nilikwambia mkono ukipona, wewe utakuwa wa kwanza kujua. Kesho… hapana, leo. Ile saa ya mzee wa reli naifungua leo hii."

Mshonaji aliondoka mlangoni kwa kurudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga meza ya kukatia.

Mkono unatetemeka. Kikombe kisichojaa. Kidevu kilichokatwakatwa. Shati la vifungo vidogo. Saa iliyolala kwenye droo. Vyote vilipita mbele yake, na kila kimoja alichokuwa amekiandika kwenye hesabu ya Kito kikafutika hapo hapo. Ungedhani wivu nao ungefutika. Wapi! Ulipanda. Maana sasa aliujua ukubwa wa siri yenyewe, na aliyeambiwa kwanza ni buibui. Mume ameshikwa na ugonjwa wa mkono, mkono unaowalisha, na akaenda kumweleza mdudu wa kwenye kasha. Machozi ya hasira yakamjaa, na chini ya hasira palikuwa na woga.

Fundi alitoka akiwa amekuwa kijana. Alimshika mkewe bega, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi.

"Chai ipo? Nataka kikombe kilichojaa, tunywe hapa, wewe na mimi."

Alimmiminia. Fundi alikiinua kikombe, na kikombe kikagongana na kisahani, tik tik tik tik, chai ikamwagikia vidole. Alikitua haraka.

"Uchovu wa safari," alisema, akajifuta kwenye suruali. Bado anatabasamu. Akavuta droo yake, akaifungua ile saa ya mkufu kutoka kwenye kitambaa, akaiweka chini ya taa, akabana lenzi jichoni na kuchukua bisibisi nyembamba kuliko zote.

Mshonaji aliutazama ule mkono ukishuka kuelekea kwenye saa ya mtu. Angeweza kunyamaza. Mumewe alikuwa na furaha, ameketi mbele yake, hayuko chumba cha nyuma, na furaha hiyo ni yeye aliyemshonea kwa mikono yake. Ncha ya bisibisi ilikuwa ikichezacheza juu ya skrubu ndogo kama punje ya mchanga.

"Usifungue," alisema.

"Kwa nini?"

"Hakukimbia kwa sababu si yeye."

Fundi aliinua uso, lenzi ikiwa bado jichoni, jicho moja kubwa, jingine dogo.

"Yule uliyemkuta ni mahameli," mshonaji alisema. "Mahameli, waya wako, na uzi wa gauni la harusi. Kito alikufa jana. Sikumgusa. Nilimkuta amelala chali, nikaogopa utasema mimi, nikashona mwingine."

Hakungoja jibu. Alivuta droo ya cherehani, akalitoa kopo, akaliweka mezani mbele yake na kuondoa kitambaa.

Juu ya pamba palikuwa na buibui mtupu. Alikuwa amepasuka mgongoni, ameachwa wazi, mwepesi, kama gauni lililovuliwa na kuachwa sakafuni. Na nyuma yake, kati ya kifungo cha bluu na kifungo cha koti, alikuwapo Kito, mkubwa zaidi kidogo, rangi zake mbichi zinang'aa, akipima ukingo wa kopo kwa mguu mmoja.

Fundi alivuta pumzi. "Hukumgeuza?"

"Nilimchukua na kitanda chake."

"Hulala chali akitaka kujivua gamba. Ungemgeuza angekufa. Ndilo nililotaka kukwambia jana."

"Nami nikakanyaga pedali," mshonaji alisema.

Walimrudisha Kito pamoja, mshonaji akishika kopo na mumewe kasha lililoletwa mezani. Fundi alichukua kibano kumwondoa yule wa mahameli mlangoni pa shimo, na kibano kilipokaribia udongo, Kito halisi aliruka akajificha nyuma ya gome. Fundi akabaki ameshika kibano. Alikiweka chini pole pole, akaiweka na bisibisi, akaifunga saa ya mzee wa reli kwenye kitambaa chake. Ule ujana aliotoka nao chumbani ulimwisha usoni, mshonaji akiutazama.

Kisha fundi akamtoa buibui wa mahameli kwa vidole, akamweka chini ya taa na kumkagua kwa lenzi.

"Hata mstari mfupi wa kushoto," alisema. "Umemtazama sana."

"Nimemtazama kuliko wewe."

"Nilitaka nipone kwanza ndipo ujue. Ungehangaika. Ungemwita binti. Ungeanza kunishikia kikombe."

"Ukaona bora umwambie mdudu."

"Yeye nilikuwa nampima tu. Akikimbia, mbovu. Asipokimbia, mzima. Kila siku alikimbia." Alijaribu kutabasamu. "Mtu ukikimbiwa kila siku, unaanza kueleza sababu. Ndiyo hayo mazungumzo."

Mshonaji alivuta stuli yake, ile ile aliyoirukia siku ya kwanza, akaketi mbele ya mumewe, magoti yakakaribia kugusana.

"Huyo akisikia mkono unatetemeka anakimbia," alisema. "Hajui jingine. Mimi umenijaribu lini?"

Fundi aliunyoosha mkono juu ya meza, katikati ya mikasi na chaki, na kuuacha hapo utetemeke ulivyotaka. Mshonaji aliutazama wote, kuanzia kucha hadi kiwikoni, kwa macho yale yale yaliyomjua Kito. Kisha akauweka wake juu. Ulitetemeka ndani ya kiganja chake na hakuuachia.

"Kesho tunakwenda hospitali," alisema. "Na mzee wa reli nitamwambia mimi. Sasa anza mwanzo. Kama ulivyomweleza yeye, usiruke kitu."

Fundi alikohoa kidogo, akafungua kinywa.

"Subiri," mshonaji alisema. Aliinuka, akalibeba kasha la Kito mpaka chumba cha nyuma, akaliweka mahali pake, akatoka na kuurudishia mlango. Ndipo akarudi kuketi.

"Haya," alisema. "Sema."